Scrooge ya Dickens: niendelee kuisomea watoto ama niache, sasa nimejua vile huyo Dickens alimfanyia bibi yake?

mama_wa_ngazi_Umoja

Hamjambo wadau. Niko na swali na naomba mnijibu kwa roho safi, manake linanisumbua tangu wiki jana na Desemba ndiyo hii imefika.

Marehemu baba yangu alikuwa karani kwa hadiwea moja huko Industrial Area, miaka mingi sana, na kila mwaka kabla hatujasafiri kwenda nyumbani alikuwa anatusomea A Christmas Carol ya Charles Dickens, yule mwandishi Mwingereza, ile ya tajiri mchoyo Scrooge. Kitabu chenyewe alikitoa kwa wale wa kupanga vitabu chini huko Tom Mboya, jalada lilikuwa limeshatoka. Anapitisha macho kwa Kizungu halafu anatuambia kwa Kiswahili, sauti ya Scrooge anaitolea puani. Akifika pale Bob Cratchit karani anajaribu kuota moto wa mshumaa kwa sababu tajiri amekaa na sanduku la makaa chumbani kwake, baba alikuwa ananyamaza kidogo, anasugua mikono, anatuangalia, halafu ndio anaendelea. Sisi tulidhani anaigiza. Tulipomzika ndio nilikifungua hicho kitabu pole pole nikaona pale penye mshahara wa Bob, shilingi 15 kwa wiki, baba ameandika pembeni kwa penseli mshahara wake mwenyewe na mwaka, chini yake mwaka unaofuata, chini yake mwingine, safu inashuka mpaka ukurasa unaisha na ile namba karibu haisongi.

Siku hizi mimi ndiye nasoma. Jumamosi ya mwisho kabla watu hawajatawanyika kwenda ushago, watoto wa ploti wanakaa kwa ngazi kutoka ghorofa ya pili mpaka chini, mwaka mwingine wanafika ishirini, nawapikia mahamri na chai. Wengine wameshaisikia mara nne na bado wanakuja.

Sasa juzi binti yangu ananiletea simu, ananiambia mama huyu Dickens wako alitaka kumfungia bibi yake kwa hospitali ya wenda wazimu. Nikasema hiyo ni mambo ya mitandao. Nikasoma, kumbe ni kweli kuna barua ilijulikana 2019, imeandikwa na jirani ambaye huyo mama alikuja kumsimulia baadaye. Kwamba alimzalia watoto 10, halafu Dickens akamchoka, na alipotaka kumtoa kwa nyumba akajaribu njia ya kusema hana akili timamu, ni vile tu sheria haikumpa nafasi.

Tangu hapo nikishika kitabu naona kama mkono wangu ni mzito. Hii ni hadithi inafundisha mtu mchoyo kufungua moyo. Nitasomaje na uso mkavu? Na nikisoma, niwaambie hao watoto ama ninyamaze?

vitabu_vya_chini

Mama pole na swali zuri sana hili. Mimi nauza hivyo vitabu vya chini, si ajabu baba yako alinunua kwa mwalimu wangu wa hii kazi. Scrooge haikosi kwa meza yangu, ikifika Novemba inaanza kuulizwa.

Nikwambie mahali hiyo hadithi ilitoka halafu wewe ndio uamue. Dickens alizaliwa 1812. Akiwa na miaka 12 baba yake alifungwa jela ya Marshalsea pale London kwa deni la mwokaji mikate, paundi 40 na kitu. Familia ikahamia ndani ya jela pamoja na mzee, ndiyo, ilikuwa inaruhusiwa, lakini Charles akabaki nje anafanya kazi kwa kiwanda cha rangi ya viatu kando ya mto, kazi yake ni kufunika makopo karatasi, kufunga kamba, kubandika lebo, shilingi 6 kwa wiki. Mzee akatoka baada ya miezi kama mitatu. Sasa hapa ndio kuna kidonda: mama yake alitaka kijana arudi kiwandani, baba ndiye alisema hapana, aende shule. Dickens aliandika akiwa mtu mzima kwamba hakusahau, hatasahau, hawezi kusahau kwamba mama alitaka arudishwe. Na hiyo siri ya kiwanda hakumwambia karibu mtu yeyote, rafiki yake John Forster ndiye aliitoa kwa kitabu cha maisha yake wakati mwenyewe ashakufa.

Ukijua hivyo, pale watu wawili wanakuja kuomba mchango na Scrooge anauliza kwani hakuna jela, kwani nyumba za maskini zimefungwa, unaona huyo anayeandika anajua jela ni nini. Amekula chakula cha Jumapili ndani.

1843 serikali ya Uingereza ilitoa ripoti kuhusu watoto wanaofanya kazi migodini na viwandani, Dickens akataka kuandika kijitabu cha kulalamika. Septemba akatembelea shule ya watoto maskini, Field Lane, akatoka hapo ameumia. Mwezi wa 10 akabadilisha mawazo akasema hapana, hadithi itapiga nyundo kubwa kuliko kijitabu. Aliimaliza kwa wiki kama sita. Alimwandikia rafiki yake kwamba alikuwa analia na kucheka na kulia tena, na usiku anatembea maili 15 mpaka 20 kwa barabara za London watu wasio walevi wote wamelala. Ikatoka tarehe 19 Desemba, nakala 6,000 zikaisha kabla ya Krismasi. Na kwa vile alitaka kiwe kitabu kizuri, kitambaa chekundu, kingo za dhahabu, picha za rangi, akaweka bei shilingi 5 tu, faida ikawa ndogo, alitarajia paundi 1,000 akapata 230. Januari wezi wa vitabu wakatoa yao, akawashtaki, akashinda, wakasema wamefilisika, gharama za kesi paundi 700 zikamwangukia yeye. Mimi mambo ya kopi feki nayaona kila siku hapa barabarani, hiyo sehemu nilimhurumia.

Lakini shilingi 5 ni theluthi ya mshahara wa wiki wa Bob Cratchit. Bob asingekinunua hicho kitabu. Baba yako alikipata kwa sababu kilikuwa kimechanika jalada.

Wewe soma.

niko_kayole_na_wanangu

Samahani vitabu_vya_chini, umeandika mengi na yote matamu lakini swali la mama lilikuwa juu ya bibi ya huyo mtu, na bibi mwenyewe hujamtaja hata jina. Anaitwa Catherine. Catherine Hogarth. Walioana 1836 na yeye alikuwa dada mtu mzima anayejiweza, hata aliandika kitabu cha mapishi, watu hawajui.

Mimi niliachwa kwa hivyo nitaongea na uchungu na mnivumilie. 1857 Dickens ana miaka 45, amekutana na Ellen Ternan, msichana wa maigizo wa miaka 18. Oktoba mwaka huo huo akaandikia mfanyakazi wa nyumbani maagizo, kwamba ule mlango kati ya chumba chake cha kuvalia na chumba cha kulala anapolala bibi yake uzibwe, mahali pake pawekwe rafu za mbao nyeupe. Hakumwambia Catherine tuketi tuongee. Alileta fundi. Nilisoma hiyo sentensi nikaweka simu chini, kwa sababu mimi nilirudi kutoka kazini nikapata kufuli mpya kwa mlango na nguo zangu kwa gunia, na fundi aliyeweka hiyo kufuli alikuwa bado anakusanya vifaa vyake, hakuweza kuniangalia.

1858 wakaachana. Akamwekea paundi 600 kwa mwaka na nyumba, sawa, hilo lazima niliseme, hakumtupa njaa. Lakini watoto wakabaki kwake, mdogo kabisa ana miaka sita, isipokuwa kifungua mimba Charley ndiye alienda kuishi na mama. Mdogo wake Catherine mwenyewe, Georgina, aliyekuwa akiishi nao, akabaki upande wa shemeji. Halafu akachapisha taarifa kwa magazeti kwamba uvumi wote ni uongo, na barua nyingine ikavuja ikisema Catherine hakuwa na mapenzi na watoto na ana ugonjwa wa akili. Dunia nzima inasoma na Catherine yuko kwa nyumba yake Camden, hajajibu kwa gazeti hata siku moja.

Alipokuwa anakufa 1879 alimpa binti yake Kate barua ambazo Dickens alimwandikia zamani za uchumba, akamwambia azipeleke British Museum, ili dunia ijue kwamba aliwahi kunipenda. Mimi nikifika hapo siwezi kuendelea.

Kwa hivyo mama, soma hadithi, sikatazi, hata mimi naipenda na wanangu wanaipenda. Lakini usiache Catherine nje. Kwa hao watoto ishirini kwa ngazi kuna mmoja au wawili ambao mama yao alitolewa nyumbani akaambiwa yeye ndiye mbaya, na nyumba yote ikamwamini baba kwa sababu baba ndiye anajua kuongea.

soja_wa_usiku

Nasoma hii nikiwa kazini, ni saa tisa usiku, nitaandika kidogo kidogo.

Mimi nilipiga viatu rangi nikiwa na miaka 13, pale karibu na stegi ya Muthurwa. Polishi inaingia chini ya kucha na haitoki, ukila ugali unaiona. Nilikuwa naosha mikono na mchanga kabla ya kurudi mtaani ili msichana fulani asijue. Kwa hivyo nilipopata hiyo habari ya Dickens na kiwanda cha rangi ya viatu nilitafuta yote nikasoma.

Kulikuwa na kijana mkubwa hapo kiwandani, jina Bob Fagin, yatima, anaishi na shemeji yake. Siku ya kwanza ndiye alimwonyesha kufunga kamba. Siku moja Dickens alishikwa na maumivu ya mbavu vibaya, Bob akamlaza kwa majani makavu, akawa anajaza maji moto kwa chupa tupu za polishi anamwekea ubavuni nusu siku nzima. Jioni akakataa aende peke yake, akasema nakupeleka nyumbani. Na kwao ni jela. Dickens akaona aibu, akajaribu kumuaga mara kadhaa Bob anakataa, wakafika karibu na daraja la Southwark akamsalimia kwa mkono mbele ya nyumba ya watu asiowajua, akajifanya anaishi hapo. Na kwa sababu aliogopa Bob atageuka nyuma, akabisha mlango, mwanamke akafungua, akamuuliza hapa ndipo kwa Bwana Robert Fagin?

Miaka mingine ilipopita akaandika Oliver Twist, yule mzee mbaya anayefundisha watoto kuiba akampa jina Fagin.

Mtu aliyemwekea maji moto. Nimekaa na hiyo kitu miaka, sijui nifanye nini nayo. Mimi pia kuna kijana alinisaidia pale stegi na leo nikimwona kwa mbali navuka barabara, si kwa ubaya, ni vile ananikumbusha. Dickens naye anasema kwa miaka mingi alikuwa anavuka upande wa pili akikaribia duka la rangi hiyo ili asinuse gundi ya vizibo.

Nadhani alikuwa mtu wa kumhurumia kila mtoto mnyonge isipokuwa aliyemwona yeye akiwa mnyonge. Mama yake alimwona. Bob alimwona. Bibi yake aliishi naye zaidi ya miaka 20, unadhani hakumwona?

Naenda kupiga raundi.

historia_ni_yetu

Ongezeni hii pia, msiishie kwa ndoa tu. 1853 Wazulu waliletwa London kuonyeshwa watu kwa ukumbi, Dickens akaenda kuwatazama, akarudi akaandika makala kwa gazeti lake kwamba mshenzi ni kitu kinachofaa kustaarabishwa mpaka kifutike juu ya uso wa dunia. 1857 Wahindi walipoasi akamwandikia rafiki yake tajiri, Bi Burdett-Coutts, kwamba angekuwa ndiye mkuu wa jeshi angefanya kila awezalo kuangamiza kabila lile. Mtoto wake Walter alikuwa ametoka tu kufika huko na jeshi, miaka 16, hiyo inaeleza hasira lakini haisafishi maneno. 1865 gavana Eyre wa Jamaika alipozima maandamano kwa kuua watu zaidi ya 400, Dickens akasimama upande wa gavana.

Na ni mtu yule yule ambaye 1842 alienda Marekani akarudi akaandika vikali kupinga utumwa, mpaka akanakili matangazo ya magazeti ya huko ya watumwa waliotoroka, huyu ana alama ya minyororo, yule amekatwa sikio. Ni huyo huyo na Bi Burdett-Coutts walifungua nyumba Shepherd's Bush 1847 ya kusaidia wanawake waliokuwa wametupwa na jamii, na alikuwa anafuatilia mwenyewe mpaka rangi ya nguo zao, hakutaka wavae kama wafungwa. Miaka 11 baadaye ndio anamwambia Catherine aondoke.

Mimi nikiwa mwanafunzi nilitaka tumtupe kabisa. Mwalimu wangu mmoja akaniuliza ukimtupa utawafundisha nini watoto kuhusu wale watoto wawili chini ya joho? Sikuwa na jibu na bado sina zuri. Kwa wasiojua, ni pale yule mzimu wa Krismasi ya sasa anafungua joho lake na chini yake kuna mvulana na msichana, wamekonda, wamekunjamana kama wazee, mvulana ni Ujinga na msichana ni Uhitaji, na mzimu anasema hawa ni wa binadamu wote. Soma hiyo halafu utoke utembee hapo nje ya supamaketi saa mbili usiku uone wale wa chupa za gundi. Hakuna mtu ameandika hiyo picha vizuri kuliko yeye, na inauma kwamba mtu aliyeiona kwa London hakutaka kuiona kwa ngozi nyeusi. Lakini nikiisoma mimi inahusu watoto wetu, apende asipende, marehemu hana kura hapo.

vitabu_vya_chini

Dada wa Kayole, nimekubali kosa. Nimeuza hicho kitabu miaka 14 na sikuwahi kusema jina la Catherine kwa mteja hata mmoja. Kesho nikipanga meza nitaanza.

mama_wa_ngazi_Umoja

Nimesoma yote mara mbili, nyingine nikiwa kwa matatu nikapitisha stegi yangu. Asanteni. Dada wa Kayole nimelia na wewe.

Jana usiku nimetoa kitabu cha baba nikakipitia chote nikiwa na haya mambo yenu kichwani. Kuna mahali nilikuwa narukanga na watoto kwa sababu ni mambo ya wakubwa, pale mzimu wa kwanza anampeleka Scrooge kumwona mchumba wake wa zamani, Belle, amevaa nguo za msiba, anamwambia nimeona kuna kitu kingine kimechukua nafasi yangu moyoni mwako, nakuachilia. Na Scrooge kijana hajui aseme nini, anasema kwani mimi nimeomba kuachiliwa? Belle anamwambia kwa maneno, hapana. Anauliza kwa nini basi? Naye anamjibu kwa tabia iliyobadilika, kwa roho nyingine. Kisha mzee Scrooge anapiga kelele kwa mzimu, usinionyeshe zaidi, nirudishe nyumbani.

Aliandika hiyo 1843, Catherine yuko chumba cha pili ana mimba ya mtoto wa tano. Alijua kila kitu kuhusu mtu anayebadilika pole pole akimwangalia mwenzake kama mzigo, aliweza kukiandika sentensi kwa sentensi, na miaka 14 baadaye akaita fundi. Kwangu mimi hiyo ndiyo inatisha kuliko barua ya hospitali, kwamba kujua hakukumzuia.

Kwa hivyo mwaka huu sitaruka. Nitasoma ya Belle, halafu nitafunga kitabu kidole kikiwa ndani, niwaambie aliyeandika hii alikuwa na bibi anaitwa Catherine, na vile ilienda, kwa maneno ya kiasi chao. Kisha nitafungua niendelee mpaka bata mzinga na Tiny Tim, yule mtoto mgonjwa wa Bob. Wakiuliza maswali nitajibu, na wakikasirikia Dickens wacha wakasirike, wakubwa wao pia wanawajua. Maneno ya Wazulu nitaongea na wale wa sekondari pembeni, binti yangu ameshasema yeye ndiye ataanza.

soja_wa_usiku, kama unaingia kazini jioni na uko upande huu, tunaanza saa tisa mchana. Ningependa mtu mwingine asome ile sehemu ya Bob na mshumaa, manake kila mwaka nikifika hapo sauti inakatika.

soja_wa_usiku

Niko Buruburu, ni karibu. Naingia saa kumi na mbili. Kizungu changu si cha haraka, nipigie picha hizo kurasa nianze kufanya mazoezi.

mama_wa_ngazi_Umoja

Nimekutumia inbox. Ni kurasa mbili. Hizo namba za penseli pembeni usizisome, ni za baba.